Hivi kukaa kimya na kutafakari kunamfanya mtu awe mwema kweli?

mjukuu_wa_bibi:
Wakuu habari za mapumziko. Kuna kitu kinanitatiza. Ofisini kwetu kuna bosi ana mambo ya meditesheni, kila mchana anajifungia nusu saa simu ofu, kimya kama mtawa wa Peramiho, ila akitoka hapo anampita dada wa usafi bila hata salamu. Upande mwingine nyumbani kuna mzee wetu, yeye akishaswali alfajiri habanduki mkekani, anavuta uradi wake taratibu mpaka jua litoke, na mtaa mzima ndo yeye anayejua nani hajaonekana siku mbili hizi na nani hajainjika chungu. Sasa wote wanakaa kimya, mbona matunda hayafanani? Au wema mtu anazaliwa nao tu?

Kalamu_Nyekundu:
Mkuu hilo walishalipima. Mwaka 2013 ilitoka risechi ya Boston kule Marekani, watu walifundishwa kutafakari wiki 8 halafu wakaitwa maabara kwa vipimo. Kumbe kipimo chenyewe kiko chumba cha kusubiri: viti vitatu, viwili vimekaliwa na watu waliopangwa, wewe unakaa cha tatu, mara anaingia dada na magongo anagugumia maumivu na wale wawili hawana habari naye. Ambao hawakuwa wamefundishwa, waliopisha siti ni asilimia 16 tu, waliofundishwa asilimia 50. Na kilichonishangaza zaidi, kuna waliofundishwa huruma yenyewe na kuna waliofundishwa kutuliza akili tu, lakini kwenye kupisha siti hawakupishana.

simba_mzee:
Taratibu kaka, hao watu walikuwa 39 tu, na waliolinganishwa nao walikuwa wanasubiri zamu yao, hawakufanya chochote. Mwaka 2018 kuna wataalamu walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo wakazipima kwa pamoja, wakakuta upole unaongezeka kidogo tu, na kwenye huruma mafanikio yalionekana zaidi pale ambapo mwalimu wa meditesheni ndo huyohuyo mmoja wa walioandika utafiti. Hapo we jiongeze.

Mama_Wawili:
Mimi nadhani hapa tatizo ni haraka jamani. Mnaijua ile ya Princeton, 1973? Walichukua wanafunzi wa chuo cha uchungaji, wengine wakapewa kwenda kuzungumzia Msamaria Mwema, njiani wakawekewa mtu kajikunja anakohoa na kugumia. Walioambiwa wamechelewa waliosimama kumsaidia ni asilimia 10, wenye nafasi 63. Na kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya maana, kuna waliomruka yule mtu wakiwahi kwenda kumhubiri Msamaria 😂 Kwa hiyo kuwaza mema peke yake hakutoshi, kama kichwa kinakimbia macho hayaoni mtu. Ndo maana nasema kimya kinasaidia kikikupunguzia mbio, kama hakipunguzi basi umepumzika tu na hiyo nayo si mbaya lakini tusiiite wema.

abu_twalib_znz:
Naunga mkono hoja. Kwetu sisi itikafu inakuwa kumi la mwisho la Ramadhani, mtu anakaa msikitini anaacha biashara na mazungumzo, na mwezi huohuo ndo wa zakatul fitri na futari za majirani, havikuwekwa mbalimbali. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na ukarimu wake ulizidi Ramadhani pale Jibril anapomjia kila usiku wakidurusu Qur'ani. Angalia hapo, kudurusu usiku na kutoa vinakwenda pamoja. Huyo mzee wako nyuma ya uradi ana miaka ya mafunzo na ana mtaa unaomtegemea, bosi pengine kafundishwa na programu ya simu jinsi ya kulala vizuri, kila mtu anavuna alichokusudia.

simba_mzee:
Ustadhi hapo kwenye kusudio nakubaliana na wewe. Ila wapo pia wanaovuta uradi na ulimi wao ni wembe, tusiseme uongo.

abu_twalib_znz:
Wapo, tena safu ya mbele 😅

mjukuu_wa_bibi:
Ahsanteni sana. Mama Wawili umenifungua macho, sasa ndo naunganisha, bosi akimaliza ile nusu saa anatoka mbio kuwahi kikao cha saa nane na kila siku kachelewa, yani anakimbia korido nzima. Mzee yeye akitoka msikitini anapita njia ndefu ya sokoni, na hana pa kuwahi. Mwenye mbinu ya kumshawishi katibu muhtasi asogeze kikao dakika kumi na tano mbele anisaidie, hiyo naweza kuijaribu kabla sijaanza kumhukumu mtu.