Mtumbwi wa zamani wa kukarabati: nikague nini?

Kijana wa Ilemela: Habari za jioni wakuu. Kuna mtu Igombe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anauza mtumbwi wa dagaa, futi 30, uko nchi kavu tangu masika. Nataka niukarabati nibebe mizigo ya visiwani. Niangalie nini kabla sijatoa hela?

Fundi Kayenze: Mdogo wangu, rangi achana nayo, inapakwa usiku mmoja. Nenda na bisibisi, anza na mkuku, ule mti mkubwa wa chini unaobeba mtumbwi wote, na mbao zinazoungana nao, kwa ndani, maana maji ya mvua hutuama hapo. Maji haya yasiyo na chumvi huozesha mbao upesi. Dunga mbao kwa ncha ya bisibisi. Ikigoma kuingia, mbao ni nzima. Ikizama na kutoa unga mweusi, imeoza. Mataruma, yaani mbavu za mtumbwi, yagonge kwa nyundo moja moja, usikilize mlio mzito, ndio dalili ya kuoza. Doa jeusi kuzunguka kichwa cha msumari ni kutu, na mbao hapo imeshalegea. Mianya isikutishe: mbao zimekauka tu, zikilowa zitavimba, na pamba ya kuzibia mianya itamalizia. Ila mkuku ukioza, hapo unaunda mtumbwi upya.

Kijana wa Ilemela: Shikamoo fundi. Karibu na tezi, kule nyuma, wamegongelea bati.

Fundi Kayenze: Marahaba. Mwambie alibandue ukiwepo, uone mbao ya chini yake. Akikataa, usinunue.

Mama Dagaa: Na karatasi, mwanangu. Leseni ya uvuvi si ruhusa ya kubeba mizigo, waulize TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, mapema. Maboya ya kujiokolea nunua mapya, watu wetu wamekufa sana ziwani.