Historia ya mikopo kwa mgeni Marekani: tuanzie kwenye deni la tiketi

Ndugu zangu, nawasalimu nyote.

Dada yetu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na familia yake miezi minane iliyopita ameuliza kwa nini amenyimwa nyumba ya kupanga kwa sababu eti hana historia ya mikopo, ilhali hajawahi kumdhulumu mtu hata shilingi. Swali lake linaniuma, kwa kuwa kwetu asiyedaiwa ndiye mwenye jina zuri, na sisi tuliotoka Kenya tumezoea kulisikia jina la CRB, yaani ofisi za kumbukumbu za mikopo, pale tu mtu aliposhindwa kulipa. Hapa kampuni tatu zinazotunza kumbukumbu hizi, yaani Equifax, Experian na TransUnion, huandika pia malipo mazuri, na asiyekopa kabisa hana lolote la kuandikwa. Alama za FICO, ambazo humwonyesha mkopeshaji jinsi mtu anavyolipa madeni na huanzia 300 hadi 850, hazitoki mpaka mtu awe na akaunti iliyotimiza angalau miezi sita.

Lakini dada, kabla hujakubali kwamba huna historia, tafuta karatasi za deni la tiketi. Nauli ya ndege mliyolipiwa kupitia IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ilikuwa mkopo usio na riba, na kila mtu mzima alitia saini kwamba ataurudisha. Malipo huanza takriban miezi sita baada ya kufika, nayo huripotiwa kwenye kampuni hizo, yawe ya wakati au ya kuchelewa. Kwa familia nyingi za wakimbizi huo ndio mkopo wa kwanza nchini hapa, na wengi hawajui kwamba tayari unawaandikia jina.

Mwaka jana niliketi jikoni kwa mzee mmoja, jirani yangu, akanitolea bahasha tisa alizozifunga kwa mpira ndani ya mfuko wa plastiki, zote hazijafunguliwa, kwa kuwa alidhani ni matangazo. Kila moja ilikuwa na kikaratasi cha malipo ya deni la tiketi chenye tarehe na kiasi. Tuliwapigia simu wanaokusanya deni hilo siku hiyohiyo, akaeleza kipato chake, wakakubali kumpunguzia kiasi cha kila mwezi. Hata hivyo, malipo yaliyopita siku 30 bila kulipwa hubaki kwenye ripoti kwa miaka saba, na hilo simu haikuweza kulifuta. Ndiyo maana nakuomba ufungue kila bahasha.

Ripoti zako utazipata bila malipo kwenye AnnualCreditReport.com, hata kila wiki ukitaka. Zisome herufi kwa herufi, hasa ninyi wenye majina matatu ambayo kambini yaliandikwa kwa mpangilio mmoja na huku kwa mwingine, na wale waliopewa tarehe 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa. Ukiona kosa, peleka malalamiko kwa maandishi pamoja na nakala ya vitambulisho; kwa kawaida kampuni hutakiwa kuchunguza ndani ya siku 30.

Hatua inayofuata ni kadi ya mkopo yenye dhamana. Unaweka amana, mara nyingi dola 200 au 300, na kiasi hicho ndicho kinachokuwa kikomo chako cha kukopa. Itumie kwa kitu kimoja, kwa mfano bili ya simu, na uagize benki ilipe deni lote yenyewe kila mwezi. Tahadhari hapa, maana wengi hulipa kwa wakati na bado alama zao haziinuki: kinachoripotiwa kwa kawaida ni salio la siku taarifa ya mwezi inapofungwa, kwa hiyo mwenye kikomo cha dola 200 aliyenunua chakula cha dola 180 anaonekana ameelemewa, hata akilipa zote wiki mbili baadaye. Lipa kabla ya siku ya kufungwa kwa taarifa, na salio lisizidi dola 20 hivi. Mimi niliambiwa niache deni kidogo kila mwezi ili alama zipande, nikalipa riba ya zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka mzima bila faida yoyote.

Kuna jambo moja zaidi ambalo haliwezi kusubiri. Ndugu akikuomba umdhamini anunue gari, fahamu kwamba kudhamini hapa ni kukopa wewe mwenyewe. Akichelewa, jina lako linachafuka pamoja na lake.

Kuhusu mama aliyeuliza kama upatu wetu, ambao wenzetu wa Kongo huuita likelemba, unahesabiwa: kwa bahati mbaya hauhesabiwi, hata mkichangiana miaka kumi bila mtu kukosa zamu, kwa kuwa hakuna anayeripoti michango hiyo. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco huendesha mizunguko kama hiyo kwa mkataba wa mkopo usio na riba na kuripoti kila mchango, kwa hiyo walio karibu nalo waulize. Wengine tuulize kwenye vyama vya akiba na mikopo vya mitaani kwetu kama wana mkopo mdogo wa kujengea historia, ambao fedha zake hufungiwa kwenye akaunti mpaka umalize kulipa.