Hasheem Thabeet alifeli NBA, au tunamuonea?

Wakuu, kila Stephen Curry, nyota wa NBA (ligi kuu ya kikapu Marekani), akiwasha moto, lazima mtu kwenye grupu aweke ile orodha ya drafti ya 2009, yaani zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya: wa pili Hasheem Thabeet, wa tatu James Harden, nyota mwingine, wa saba Curry. Zinafuata emoji za kucheka. Mimi nasema tunamuonea.

Huyu ni kijana wa Dar aliyeanza kikapu akiwa na miaka kama 15. Miaka saba baadaye, NBA imemchagua wa pili. Pale Chuo Kikuu cha Connecticut alicheza misimu mitatu, akaacha bloku 417 (mipira ya wapinzani aliyoizuia isiende golini), na mara mbili akawa mlinzi bora wa ligi yao, Big East. Hiyo si bahati ya urefu tu. Warefu wako wengi.

Wanaocheka huwa hawagusi suala la sheria. Kwenye kikapu cha vyuo vya Marekani, senta (yule mrefu anayecheza karibu na goli) wa futi 7 na inchi 3 anaweza kuweka kambi chini ya goli akisubiri anayekuja. NBA, ukizidisha sekunde 3 kwenye lile boksi la chini ya goli bila kumkaba mtu kwa karibu, wapinzani wanapewa mtupo huru na mpira unabaki kwao. Kitu alichokifanya kuliko wenzake wote chuoni, alipofika kazini akakuta kina saa. Na pale Memphis, timu iliyomchagua, namba ya senta ilikuwa ya Marc Gasol. Februari 2010 wakamshusha ligi ya chini, Dakota.

Karibuni, ila njooni na hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mleta mada, sheria hiyo inawabana masenta wote. Dalili zilionekana chuoni. Februari 16, 2009, siku anatimiza miaka 22, Connecticut ndio namba moja Marekani nzima, wanacheza na Pittsburgh. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa zaidi ya nusu futi, wakakamatana mikono wakigombea ribaundi (mpira uliokosa goli), Blair akambeba begani na kumbwaga chini kama gunia la mkaa. Blair siku hiyo: pointi 22, ribaundi 23. Nguvu za chini hakuwa nazo, na wastani wa pointi 2.2 NBA unasema hivyo hivyo.

Mchangiaji wa pili:
Dikembe Mutombo, senta mwingine wa Afrika, naye katoka Kongo, kikapu kaanza akiwa mkubwa, bado kacheza NBA misimu 18. Tusitafute visingizio.

Mleta mada:
Mkuu wa Blair, asante, umenisaidia. Mwaka huo huo Big East iliwapa wote wawili tuzo ya mchezaji bora, wakagawana. Drafti ilipofika, Hasheem akaenda wa 2, Blair wa 37 kwa sababu ya magoti. Sasa fikiria wangebadilishana namba. Mtanzania wa kwanza NBA, kachaguliwa wa 37, kacheza misimu mitano: tungemfanyia maandamano uwanja wa ndege. Mtu ni yule yule, pointi ni zile zile 2.2.

Kuhusu Mutombo sina ubishi, yule ni wa peke yake. Lakini aliingia NBA akiwa na miaka 25, mwili umeshakomaa.

Mchangiaji wa tatu:
Timu ya Minnesota kwenye drafti ile walikuwa na chaguo la 5 na la 6, wakachukua Rubio na Flynn, Curry wakampita mara mbili. Flynn kacheza misimu mitatu tu. Huko wanawacheka viongozi wa timu. Sisi tunamcheka mchezaji.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, Memphis walikosea. Bado mamilioni ya dola kapewa yeye.

Mleta mada:
Kapewa, na alipoachwa NBA hakukaa kijiweni kusimulia. Kaenda Japani, kaenda Taiwan, na 2025, akiwa na miaka 38, kavaa jezi ya Dar City kutafuta nafasi ya ligi ya Afrika. Wewe ungekuwa na hela zile, ungekuwa unakimbia uwanjani saa hizi?