Tupeane uzoefu: lipu ya nje juu ya ukuta wa zege, hasa wenzangu wa Kigoma

Wakuu, kiwanja changu kiko mteremkoni huku Gungu. Nimemwaga ukuta wa zege kuzuia udongo, na mbao zilipotolewa ukatoka laini tupu. Fundi mmoja anasema apige lipu hivyo hivyo. Mwingine anataka augonge kwanza, na hiyo ni hela nyingine. Mliopitia, semeni.

*Mdau wa Mwandiga:* Msikilize huyo wa pili. Zege laini halishiki lipu. Kwangu waliudonoa wote kwa nyundo na tindo, wakasugua oili iliyoachwa na mbao, wakaosha vumbi. Kisha wakarusha kwa mwiko uji mzito wa saruji na mchanga, moja kwa mbili, ukabaki vipelevipele. Kesho yake wakalowesha ukuta, ndipo lipu ikapanda. Kelele za kudonoa ziliwachosha majirani, lakini masika imepita na hakuna kipande kilichodondoka.

*Wa Ujiji:* Mchanga je? Ule laini wa ufukweni uacheni, punje zake ni za saizi moja. Chukua wa mto, chekecha. Ukiutilia shaka, tia kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie: tope litakaa juu, utaliona. Lipu ya nje ni saruji moja kwa mchanga nne, yaani mfuko wa kilo 50 kwa toroli mbili hivi. Unene sentimita 1 hadi 1.5. Ukuta ukiwa na mabonde, jaza kwa awamu mbili.

*Mama wa Katubuka:* Na maji jamani! Kiangazi hiki jua kali na upepo wa ziwani, lipu inakauka kabla haijakomaa, inapasuka nyufa kama nywele. Wiki nzima asubuhi na jioni nilimwagilia mwenyewe, maana vijana wakishalipwa huwaoni.

*Fundi, Mwanga:* Wote mmesahau nyuma ya ukuta. Mvua ikinywea kwenye kilima, maji yanatafuta pa kutokea. Yasipopata yanasukuma lipu, inavimba. Mkuu wa Gungu, uliweka mabomba ya kutolea maji chini? Yasizibwe na lipu. Rangi nayo isubiri kama mwezi, na isiwe ya mafuta.

*Mwenye uzi:* Yapo, mkuu, ila mengine yaliingiwa na zege. Nimemwita yule wa tindo, ataanzia hapo.