Wakuu, mnafanyaje mdomo ukiwa mzito mbele ya bosi? Naomba ushauri

Mgeni_wa_Zamu: Habari zenu wakuu. Huu mwezi wa pili nimepewa uongozi wa zamu, nina watu tisa. Kazi naijua, shida ni mdomo. Kwenye kikao cha asubuhi bosi akiuliza "kuna lolote?" koo linanikauka, najibu "hakuna". Nikifika nyumbani ndipo maneno yote yanakuja. Nipeni mbinu za kujenga ujasiri, nijiongoze mwenyewe kabla ya hao tisa.

Fundi_Kimya: Pole mkuu. Mimi nilikuwa hivyo miaka sita. Dawa yangu: naandika sentensi moja kwenye karatasi, naisoma kabla mtu mwingine hajaongea. Ukisubiri zamu yako moyo unazidi kudunda. Hata siku ya kwenda kujitambulisha ukweni nilikuwa na karatasi mfukoni, jasho likaifuta yote 😂

Mama_Busara: Vijana mnataka cheo, uzito wake hamuutaki. Mwoga akipewa watu anawaumiza kuliko mkorofi. Muombe Mungu akupe kifua.

Maji_Matulivu: Mkuu, hiyo "hakuna" inaficha nini? Koo halikauki bure.

Mgeni_wa_Zamu: Kuna mnyororo wa kunyanyulia mizigo. Pingili ya tatu juu ya ndoano ina ufa mwembamba kama unywele, ukipitisha ukucha unakwama. Nilimdokeza bosi, akasema tumalize kwanza mzigo wa mwezi huu.

Maji_Matulivu: Fomu ya ukaguzi ya kila siku anasaini nani?

Maji_Matulivu: Mkuu upo?

Mgeni_wa_Zamu: Nasaini mimi. Siku nne nimeweka tiki. Ila nieleweni, ningegoma zamu nzima ingekosa posho na lawama zingekuwa zangu. Nimeshaandika barua ya kuomba kurudi kuwa mfanyakazi wa kawaida. Naona ndiyo njia ya heshima.

Kumbukumbu: Heshima ya nani? Barua itakutoa wewe, mnyororo utabaki juu ya vichwa vya hao tisa. Januari 1986, usiku wa kuamkia safari ya Challenger, chombo cha anga cha Marekani, wahandisi wa kampuni iliyounda roketi zake za pembeni waliwapinga wakubwa: baridi itakakamaza mipira inayoziba maungio. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alishaandika onyo tangu Julai 1985. Mameneja wakajitenga kuteta, wakarudi na ruhusa. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu 7. Boisjoly alisema wazi, wakampuuza. Wewe umedokeza tu, kisha ukasaini.

Kijiti_Kikavu: Hii chai, tena ya moto. Ufa siku nne na mnyororo haujakatika? Leta picha. Mtu aliyeshaandika barua anaomba ujasiri wa nini?

Fundi_Kimya: Kijiti, ufa haukupi taarifa siku utakayoachia. Niliwahi kuona waya wa winchi...

Kijiti_Kikavu: Picha.

Mgeni_wa_Zamu: Picha siweki, kazini watanijua. Ukiona ni hadithi, pita.

Mama_Busara: Hata kama ni chai, mimi mwanangu ananyanyua mizigo kila siku. Nilikujibu vibaya kule juu. Toa hicho kitu.

Maji_Matulivu: Turudi kwenye swali lake. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari, akawapanga wengine wajibu uongo kwa makusudi. Wengi wa waliopimwa waliufuata uongo walau mara moja, na macho yao yanaona. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, kufuata mkumbo kulipungua sana. Usiingie kikaoni peke yako. Nani mwingine ameuona ufa?

Mgeni_wa_Zamu: Kijana anayeendesha winchi. Ndiye alinionyesha. Nilimwambia anyamaze.

Maji_Matulivu: Anza na huyo basi. Muombe radhi kabla hujamwona bosi.

Mgeni_wa_Zamu: Wakuu, ni saa kumi na mbili asubuhi. Nimeongea na kijana. Mnyororo tumeushusha wawili, nimeufungia stoo na ufunguo ninao. Kwenye fomu sijaweka tiki, nimeandika "una ufa, pingili ya tatu", pamoja na zile siku nne. Bosi anaingia saa mbili. Mikono inatetemeka.

Fundi_Kimya: Sentensi yako ya kwanza umeiandika?