Mjadala: Morans tufuate njia ya Sudan Kusini, au tunajidanganya?

Mtoa mada

Wadau, habari za jioni. Kila Morans, timu yetu ya taifa ya kikapu ya wanaume, wakipigwa, nasikia wimbo uleule: "Tufanye kama Sudan Kusini, tuwaite vijana wetu wa ughaibuni." Ulianza kwenye AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kule Kigali 2021. Tangu Julai 2024, Sudan Kusini walipofungwa na Marekani kwa pointi moja tu kule London, 101-100, tena LeBron James ndiye aliyewanusuru Wamarekani sekunde za mwisho, wimbo haunyamazi. Siku nane baadaye wakaichapa Puerto Rico 90-79 kwenye Olimpiki. Sasa kila mtu ni mtaalamu wa pasipoti.

Mimi siafiki. Mnipige mawe mkitaka.

Nilikuwa mtoto 1993 Kenya ilipoandaa AfroBasket. Kaka yangu alinipeleka Kasarani, tukakaa kwenye ngazi kwa kuwa viti vilijaa, na mpaka leo nikisikia raba zikilia juu ya sakafu ya mbao nakumbuka siku ile. Tulimaliza wa nne, nyuma ya Angola, Misri na Senegal. Baada ya hapo tukapotea kwenye AfroBasket miaka 28.

Nani aliturudisha? Mwaka 2019 kocha Cliff Owuor aliwapeleka vijana Bamako kwenye AfroCan, mashindano yaliyoanzishwa kwa ajili ya wachezaji wa ligi za Afrika, wakafika fainali na kufungwa na Kongo ya Kinshasa. Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae akaachia mpira kengele ikikaribia kulia: Kenya 74, Angola 73. Angola hiyo ni mabingwa wa Afrika mara kumi na moja wakati huo! Kocha alikuwa Liz Mills, Mwaustralia, ambaye Kigali aliandika historia ya kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Huko tuliifunga Mali, kisha tukatolewa na Sudan Kusini haohao, 60-58. Pointi mbili. Kikapu kimoja.

Ongwae wakati huo alikuwa anacheza kwa kulipwa Denmark. Kwa hiyo wa ng'ambo walikuwepo tayari, ndugu zangu, wakichanganyika na wa klabu za nyumbani, KPA ya bandari na Ulinzi ya jeshi. Sisi na Sudan Kusini tulikuwa sawa usiku ule. Tofauti imekuja baadaye. Wao walibaki na kocha Royal Ivey yuleyule na kiini cha wachezaji walewale, wakaenda Kombe la Dunia 2023, wakaenda Olimpiki ya Paris. Sisi Mills aliondoka, timu ikasambaratika, na AfroBasket ya 2025 kule Angola Uganda walikuwamo, Rwanda walikuwamo, sisi tuliangalia kwenye simu.

Tena Sudan Kusini hawakukaa chini wakapanga kuwa na ughaibuni. Vita ndivyo vilivyowatawanya. Luol Deng, nyota wa zamani wa NBA, ligi ya Marekani, alizaliwa Wau, akakimbilia Misri, akakulia London. Nuni Omot, aliyekuwa mchezaji bora wa BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, 2023, alizaliwa hapa Kenya katika familia ya wakimbizi. Unaigaje jambo la namna hiyo? Kinachoigika ni Deng kushika shirikisho la kikapu la nchi yake na kutoa pesa za mfukoni mwake ili timu isife katikati ya mashindano na mashindano. Hicho hatukiimbi.

Shabiki wa Kisumu

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini umeruka Uganda, na nadhani umeruka makusudi. Kigali hiyohiyo 2021 Silverbacks walimchukua Ish Wainright, Mmarekani mzaliwa wa Kansas City, wakamfunga Nigeria na kuingia robo fainali. Mtu mmoja! Sheria inaruhusu mmoja wa kupewa uraia, na Sudan Kusini wenyewe wamemtumia Carlik Jones wa Cincinnati, Marekani. Sisi nafasi hiyo tunaiacha bure kama kiti cha mgeni ambaye hajaalikwa. Usituletee Kasarani ya 1993. Mimi 1993 sikuwa nimezaliwa, na nataka kushinda nikiwa hai.

Mtoa mada

Nimekubali kwa Wainright, hilo sikulitaja. Ila niambie: akija huyo mmoja, anakuja kufundishwa mifumo kwa siku ngapi? Timu inayokutana wiki moja kabla ya safari haimfaidi hata mchezaji wa NBA. Atapiga peke yake, na sisi tutamlaumu.

Mwalimu wa michezo, Mombasa

Hamjambo. Nafundisha shule ya upili ya kutwa, na kikapu ndio mchezo wangu. Mnabishana juu ya ghorofa ya tano, mimi niko kwenye msingi.

Mpira wa vikapu shuleni ni mchezo wa muhula wa kwanza. Shule ikitolewa kwenye kaunti ndogo mwezi wa pili, mpira unafungiwa stoo mpaka Januari nyingine. Kijana mwenye kipaji anacheza mechi nne rasmi kwa mwaka. Nne! Mwaka jana nilikuwa na mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mikono kama ya mvuvi, anaruka kuchukua ribaundi mpaka watu wa nje ya ua wanasimama. Kiwanja chetu ni saruji iliyopasuka, ringi moja imeinama kwa sababu wadogo wanaining'inia, na mpira wenyewe umechakaa mpaka umekuwa laini kama yai. Kijana akaniuliza, "Mwalimu, nikitoka hapa nacheza wapi?" Nikamwambia aende Makande akawatazame KPA wakifanya mazoezi. Alienda mara mbili. Nauli ikamshinda.

Kwa hiyo mkiniuliza ughaibuni au nyumbani, nauliza nyumbani ipi?

Shabiki wa Kisumu

Mwalimu, pole kwa kazi. Lakini hoja yako inanisaidia mimi. Sudan Kusini walifika Paris bila hata ukumbi mmoja wa ndani nchini mwao. Tukingoja saruji yenu izibwe, wajukuu wangu ndio watakaoiona AfroBasket.

Mzazi, Minnesota

Nasoma kimya tangu asubuhi, sasa niseme. Mimi ni mzaliwa wa Nyamira, niko huku mwaka wa kumi na tisa. Kijana wangu ana miaka 14, futi sita na inchi tatu, na anacheza. Sisemi ni nyota, mama yake ndiye anayesema hivyo.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa hapa: kanuni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inaangalia ulipata pasipoti lini. Mwenye uraia wa nchi mbili akiipata pasipoti ya nchi ya wazazi baada ya kutimiza miaka 16, kwa kawaida anahesabiwa kama yule wa kupewa uraia, na huyo ni mmoja tu kwenye timu ya watu kumi na wawili. Akiipata kabla, ni Mkenya kama Ongwae. Katiba yetu ya 2010 inaruhusu uraia pacha, na mtoto wa Mkenya ni Mkenya wa kuzaliwa popote alipozaliwa. Mlango uko wazi, ila unajifunga mtoto akifikisha 16, na wazazi wengi huku hawajui. Tukiwa kwenye harusi tunajisifia watoto warefu, hakuna aliyewahi kutajiwa pasipoti. Wanakuja kutafutwa wakiwa na miaka 22, wameshang'ara chuoni, na hapo kumi wanagombania kiti kimoja.

Mtoa mada

Mzee, hapo umenibana. Nilidhani habari ya ughaibuni ni njia ya mkato. Hii yako haina mkato wowote, ni kazi ya miaka minane na inaanza na fomu. Hiyo naweza kuiunga mkono. Orodha tu ya watoto wa miaka 12 hadi 15, na mtu mmoja wa kuwapigia wazazi simu. Lakini sharti langu liko palepale: wakija, wamkute kocha yuleyule aliyewaita.

Mwalimu wa michezo, Mombasa

Na kwenye orodha hiyo muweke na wa kwangu. Yeye pasipoti hana, kwa sababu hana safari.

Mzazi, Minnesota

Mwalimu, nitakutafuta inboksi, huku mipira tunatupa ikiwa bado ina uhai. Ya kwangu nimeanza leo: Jumamosi nampeleka kupiga picha za pasipoti. Ananiuliza kama ni lazima afunge hizo nywele nyuma.