Watoto wanasinzia kwenye rozari, mkubwa anasema misa inaboa. Wenzangu mnafanyaje?

mama_watatu_kimara

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naombeni ushauri ila msinichambe, nimechoka tayari.

Nina watoto watatu, wa miaka 13, 8 na 4. Tunakaa Kimara, kazi yangu iko Posta, natoka saa kumi na moja na nikifika nyumbani saa mbili usiku namshukuru Mungu. Sasa Oktoba iliyopita sanamu ya Mama Maria inatembezwa nyumba kwa nyumba ikafika kwetu, jumuiya nzima imejaa sebuleni hadi kwenye ngazi, tukaanza Litania, wanangu wananitazama tu kama wageni wa harusi. Katoto ka jirani ambako hata chekechea hakajaanza kanaitikia "utuombee" bila kukosea. Niliona aibu nikaenda kujifanya naangalia chai jikoni.

Toka siku ile nikaamua rozari nzima kila siku saa tatu usiku. Matokeo yake kumi la pili, yaani zile Salamu Maria kumi za pili, mdogo kashalala mdomo wazi, wa kati anahesabu punje zilizobaki kwa sauti, mkubwa anaitikia kama mtu anayelipa faini ya trafiki. Mume wangu ni Mlutheri, tulifunga ndoa ya mseto, hana shida kabisa na watoto kuwa Wakatoliki, ila nikitoa tu rozari kwenye droo yeye anahamia chumbani na mpira wake. Na Jumapili iliyopita tuko mlangoni mwa kanisa mkubwa akaniambia "mama, misa inaboa, nakuja kwa ajili yako tu". Nilitaka kumzaba kibao. Nilijizuia kwa sababu watu wa jumuiya walikuwa wanatuangalia, sio kwa sababu ya utakatifu wowote.

Nyie mnafanyaje? Vitu vya kila siku, sio mahubiri.

baba_wanne

Milele na milele, Amina. Dada fupisha. Rozari nzima saa tatu usiku na mtoto wa miaka 4, hata wewe mwenyewe ukikaa vibaya unalala. Sisi tunasali kumi moja tu, tena kabla ya chakula maana wakishashiba hamna kitu pale. Kila mtoto anataja nia yake. Wa kwangu wa miaka 5 anamuombea mbwa, kila siku mbwa, na huyo mbwa alishakufa mwaka juzi. Hatujamwambia aache. Rozari nzima tunaiacha mwezi wa tano na wa kumi, na hapo tunasali na jumuiya kwa hiyo kuna watoto wenzao wa kusukumana nao.

Mzee_wa_Kibosho

Mnadekeza sana siku hizi. Mtoto anaulizwa kama anapenda shule? Anaulizwa kama anapenda dawa? Sisi tulipigishwa magoti, tulitembea kwa mguu kwenda misa ya kwanza na baridi lile la mlimani, na leo tupo. Huyo wa miaka 13 mwambie misa sio muziki wa ukumbini, aende. Mjadala umeisha.

nilirudi_2019

Mzee shikamoo. Kwa heshima zote, mimi ndiye yule mtoto wa mjadala umeisha. Kwetu tulisali kwenye sakafu ya simenti na baba ana mkanda pembeni, ukisinzia unaamshwa nao. Matendo yote ya rozari nayajua, enzi zile yalikuwa 15, haya ya Mwanga Papa Yohane Paulo II aliyaongeza 2002, lakini hadi leo nikishika rozari magoti ndio yanatangulia kukumbuka. Nilivyofika chuo nikaacha kila kitu, nikazunguka kwenye ulokole miaka kadhaa na baadae hata huko nikaacha.

Kilichonirudisha ni bibi yangu mzaa mama, na wala hakuwahi kunifundisha kitu kwa kunikalisha chini. Alikuwa anapepeta mchele Redio Maria inaongea pembeni, anaitikia na ungo mkononi, akipita jirani anamsalimia katikati ya Salamu Maria halafu anaendelea pale pale alipoishia, sijui alikuwa anahesabuje. Jumamosi wakishatoka jumuiya ananiambia beba hilo chupa la uji, tunampelekea mama mmoja aliyekuwa hawezi kutoka kitandani. Bibi anamgeuza, anamfuta, mimi nashika kikombe. Nilikuwa na miaka 9 na nilikuwa naogopa ile harufu. Hakunieleza chochote kuhusu matendo ya huruma, neno lenyewe nililisikia ukubwani. Kwa hiyo dada, huyo wako wa 13 mtafutie chupa la uji la kubeba.

katekista_mstaafu

Nimefundisha Komunyo ya Kwanza na Kipaimara miaka mingi, naomba niseme kidogo.

Kwanza, wazazi wengi wanaleta mtoto mafundisho kama wanavyompeleka tuisheni, anashushwa kwenye boda pale getini, anachukuliwa saa sita, mwisho wa mwaka wanataka cheti na tarehe ya sherehe. Nikimuuliza mtoto nyumbani mnasali saa ngapi ananiambia "mwalimu, sisi tunasali kwa bibi tu, tukienda likizo". Simsemi mama mwenye uzi, yeye angalau anahangaika.

Pili, hao wawili wadogo wapeleke Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto Wakatoliki hapo parokiani. Watu wanadhani ni kikundi cha kucheza na kuimba. Kilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na alichowaomba watoto kilikuwa kidogo mno: Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi, kwa ajili ya watoto wenzao wa mbali. Salamu Maria MOJA. Sasa sisi tunataka hamsini saa tatu usiku. Hiyo sarafu nayo msimpe pale mlangoni mwa kanisa, kwa sababu hapo anapokea na mkono huu na kutumbukiza na huu, sio yake ile. Mpe tangu Jumatatu akae nayo, apite nayo dukani kwenye pipi wiki nzima. Akifika nayo Jumapili amejifunza kitu, na asipofika nayo pia.

Tatu, huyo mkubwa anaboreka kwa sababu hana kazi. Muulize kama anataka kutumikia altareni au kwaya au hata kupanga viti. Ila muulize, usimwandikishe kimya kimya.

Na kuhusu baba, kwa sheria ya Kanisa anayeahidi kufanya kila awezalo watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki ni wewe Mkatoliki, yeye anajulishwa tu. Kwa hiyo hajavunja ahadi yoyote kwenda kuangalia mpira.

Mlutheri_mwenzenu

Naingia humu kwa sababu mimi ndiye huyo mume anayehamia chumbani. Sio wako dada, wa mwingine, ila ndio sisi wale wale.

Kwa miaka kama sita nilikuwa nahama. Sikuwa na chuki, ila pale sebuleni sikuwa na kazi. Salamu Maria sisi kwetu hatusali, nikikaa kimya naonekana nimenuna, nikitoka naonekana nimekimbia, basi bora chumbani kuna mpira. Siku moja mke wangu akaniambia mimi nachukua kumi langu, wewe wasimulie watoto kitu, chochote cha Mungu, dakika kumi. Nikaanza na Daudi na Goliathi kama kila mtu, nikaenda Yusufu na ndugu zake, hadithi zikaisha haraka kuliko nilivyotegemea. Ndio nikafika kwa Mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao, na pale tukakwama mwezi mzima.

Wanangu wanataka kila kitu. Kabaka Mwanga, yule mfalme wa Buganda aliyewaua, alikuwa na askari wangapi, Namugongo walikouawa ni mbali kiasi gani, kwa nini walifungwa kwenye matete. Kizito walimpenda kwa sababu ni mtoto, alikuwa na miaka kama 14, na Karoli Lwanga alimbatiza usiku ule ule kabla hawajahukumiwa. Ila aliyewamaliza ni Mbaga Tuzinde, maana mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa ndugu yake, akambembeleza aseme tu kwamba hatasali tena, amfiche nyumbani. Kijana akakataa. Binti yangu hakula siku hiyo. Tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa, na hapa ndipo na mimi nilipopata nguvu, kwa sababu mashahidi wote wanaotajwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Nikawaambia wanangu mnaona, na watu wa upande wa baba wapo. Mke wangu alicheka hadi akashindwa kuanza kumi lake.

Mpira naangalia marudio.

dada_Mwanza

Niongeze kitu kimoja mnachokisahau, dada wa kazi. Huyo ndiye anashinda na watoto. Mnamuona Carlo Acutis aliyetangazwa mtakatifu Septemba 7, 2025, yule kijana wa kompyuta wa Italia? Wazazi wake hawakuwa watu wa kanisa wakati huo, aliyemfundisha kusali utotoni ni yaya wake, Mpolandi. Na baadae Carlo mwenyewe akamvuta mfanyakazi wao wa nyumbani, Mhindu, hadi akabatizwa. Sasa kwetu sisi dada anaitwa kwenye sala, au muda huo anaosha vyombo? Naongea na mimi mwenyewe pia.

mama_watatu_kimara

Jamani asanteni, na wewe mzee wa Kibosho asante, marehemu baba alikuwa anaongea hivyo hivyo.

Nimeleta mrejesho. Nimepunguza, kumi moja tu, saa mbili na nusu, nikichelewa wanaanza na dada. Nilimuita akae na sisi akashtuka kidogo, kumbe anajua nyimbo za Maria kuliko mimi. Mkubwa bado anasema misa inaboa, altareni kakataa, kasema atafikiria mambo ya spika na vyombo vya muziki, sijamsukuma.

Mume wangu nilimsomesha ile ya Mlutheri mwenzake, akaguna, akarudi kwenye simu. Juzi umeme ukakatika mpira katikati, akaja sebuleni na tochi, akakaa. Salamu Maria hakuitikia ila kwenye Baba Yetu nikasikia sauti yake, sisi tukamaliza kwa "utuopoe maovuni" tukanyamaza, yeye huyooo anaendelea peke yake gizani, "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu..." Watoto wakaangua kicheko. Mdogo ananivuta kanga, mama, mbona ya baba ina mkia?